Je, Sabuni ya Mwani Inaweza Kuthibitishwa Bila Sungura?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Tunatengeneza sabuni ya vipande kwa mafuta ya nazi, unga wa mwani na mafuta ya karafuu. Mnunuzi wa Ujerumani anataka uthibitisho kwamba haiwashi ngozi, na papo hapo anataka iwe haijajaribiwa kwa mnyama yeyote. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya maabara ametuambia kwamba masharti hayo mawili hayapatani, kwani mwasho haujulikani mpaka apakwe sungura. Je, ni kweli? Na kama si kweli, wanapima vipi, nasi tuanzie wapi?

JIBU: Dada zangu, si kweli. Kwa soko mnalolitaka mambo ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa sungura ndiye atakayewafungia mlango. Sabuni ya kuogea kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ni kipodozi, na kipodozi hakiruhusiwi kuuzwa huko ikiwa chenyewe au kiambato chake chochote kimejaribiwa kwa mnyama kwa ajili ya kutimiza masharti ya sheria hiyo. Kwa vipimo vya mwasho katazo lilianza tarehe 11 Machi 2009, na kufikia tarehe 11 Machi 2013 lilikuwa limekwisha kufunika vipimo vyote. Wapo waliodhani kwamba wataliepuka kwa kufanyia majaribio nje ya Ulaya, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilitamka kwamba katazo linagusa hata majaribio ya nje, iwapo matokeo yake yanatumiwa kuonyesha usalama wa bidhaa ili iingie sokoni humo. Msikubali, basi, mtu yeyote awashauri kununua sungura.

Kijana huyo hakulitoa wazo lake hewani, kwa sababu ndivyo mambo yalivyofundishwa kwa miaka mingi. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walichapisha utaratibu wa kupima mwasho kwa sungura, na mwaka 1981 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, likauingiza katika miongozo yake ya kimataifa. Sungura hunyolewa manyoya ya mgongoni, hupakwa mililita 0.5 ya kemikali, hufunikwa kwa saa 4, kisha wekundu na uvimbe hupewa alama kwa macho baada ya saa 24, 48 na 72. Kwa jicho, mililita 0.1 hutiwa katika jicho moja, na jicho la pili huachwa liwe la kulinganishia. Maumivu ya mnyama katika jaribio hili ni makubwa, na kwangu hilo peke yake lingetosha kututafutisha njia nyingine. Lakini hata anayejali matokeo tu ana sababu ya kuliacha. Mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walipeleka kemikali zilezile katika maabara zaidi ya 20, na majibu yakatofautiana sana: kilichoonekana kuwa kikali katika maabara moja kilionekana hakina neno katika nyingine. Jicho la sungura lina ukope wa tatu na hutoa machozi machache kuliko letu, na ngozi yake hupitisha kemikali kwa wepesi zaidi. Watafiti wa Prague waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walichukua kemikali 16 ambazo sungura walikuwa wamezitia katika kundi la ziwashazo, wakazibandika kwa watu waliojitolea kwa muda uleule wa saa 4. Ni 5 tu zilizowasha ngozi ya binadamu kiasi cha kuhesabika. Kipimo kinachokosea kiasi hicho hakistahili kuitwa kigezo.

Namna mtaalamu wa sasa anavyoliendea swali lenu ni tofauti tangu mwanzo. Haanzi na jaribio lolote, anaanza na karatasi yenye orodha ya kila kilichomo ndani ya kipande cha sabuni na asilimia yake, halafu kwa kila kiambato anajiuliza kinafanya nini kikigusa ngozi, na kwa kiwango gani. Sehemu kubwa ya jibu hupatikana hapo hapo.

Chukueni kostiki soda, ile inayoungana na mafuta yakawa sabuni. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayehitaji mnyama, wala hata seli, ili ajue kwamba inababua. Uainishaji wa Ulaya unaofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa unasema kwamba mchanganyiko wenye kostiki ya asilimia 2 au zaidi unababua ngozi, na kuanzia asilimia 0.5 hadi 2 unawasha. Vivyo hivyo kitu chenye pH, yaani kipimo cha alkali na asidi, ya 11.5 au zaidi, au ya 2 kushuka chini, huhesabiwa kuwa kinababua mpaka akiba yake ya alkali au asidi ionyeshe vingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwenu ni la mizani tu: je, kostiki yote mliyotia imeungana na mafuta, au ipo iliyobaki? Kilo moja ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki safi. Mtengenezaji mwangalifu hutia pungufu kidogo, tuseme asilimia 5, yaani kama gramu 174, ili yabaki mafuta na isibaki kostiki. Ikiwa kwenu bado mnapima kwa kikombe au kwa kijiko, mwasho mwingi mtakaoletewa malalamiko yake utatoka hapo, na hakuna maabara duniani itakayowaokoa. Nunueni mizani ya kusoma gramu moja moja, andikeni kila pishi katika daftari lenye namba na tarehe, na kila pishi likishakauka pimeni pH ya gramu 1 ya sabuni iliyoyeyushwa katika gramu 99 za maji yaliyotoneshwa. Sabuni ya kweli husoma kati ya 9 na 10 na ushei. Ikisoma 11 na zaidi, pishi hilo lisitoke ghalani. Nasikia wapo wanaopima ukali kwa kugusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Acheni, maana kama kostiki imebaki mtaunguza kinywa, na kama haikubaki bado hamtakuwa na namba ya kumwonyesha mnunuzi.

Sasa nije kwenye vipimo vyenyewe, ambavyo nadhani ndivyo mnavyotamani zaidi kuvijua. Kipimo kilichochukua nafasi ya mgongo wa sungura kimeandikwa katika Mwongozo namba 439 wa OECD, uliopitishwa mwaka 2010. Hutumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabarani. Seli za tabaka la juu la ngozi huchukuliwa, kwa idhini, kutoka katika vipande vilivyoondolewa wakati wa upasuaji, kisha hupandwa juu ya utando mwembamba ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Chini hunyweshwa maji ya virutubisho, juu huachwa wazi zipate hewa, na kwa kuwa zimekaa kama ngozi inavyokaa mwilini, hupangana tabaka kwa tabaka hadi kufanya ganda kavu la juu, lile lile linalotukinga sote. Tishu za namna hii huuzwa tayari, kama EpiSkin iliyotoka Lyon nchini Ufaransa na EpiDerm ya Marekani.

Tuchukue EpiDerm. Uso wa tishu moja ni sentimita za mraba 0.63, haufiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Fundi wa maabara huweka juu yake mikrolita 30 za kimiminika, au miligramu 25 za unga, na huiacha kwa dakika 60. Kisha huiosha kwa maji ya chumvi mara kadhaa, kwa uangalifu usiichane, na huirudisha katika kabati la joto la nyuzi 37. Hapo husubiriwa saa 42, kwa sababu madhara ya mwasho hayatokei yote papo hapo, na seli zilizoumia huweza kufa polepole au zikapona. Baada ya hapo tishu huwekwa juu ya maji yenye rangi ya njano iitwayo MTT kwa saa 3. Seli iliyo hai huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau, iliyokufa haifanyi kitu. Zambarau hiyo hutolewa kwa pombe ya aina ya isopropanoli na kusomwa kwa mashine ya mwanga. Kila kitu hupimwa kwa tishu 3, pamoja na nyingine 3 zilizotiwa maji ya chumvi tu na 3 zilizotiwa kiwashi kinachojulikana, ambacho ni sodiamu lauri salfeti ya asilimia 5. Ikiwa uhai wa seli umebaki asilimia 50 au chini ya hapo ukilinganishwa na tishu za maji ya chumvi, kitu hicho huandikwa kuwa kinawasha. Ikiwa umebaki juu ya 50, hakiainishwi. Kwa vitu vinavyobabua kabisa upo mwongozo mwingine, namba 431, unaotumia tishu za aina hiyo hiyo kwa muda wa dakika 3 na wa saa moja.

Niwaonye hapa, kwani wauzaji wa huduma za maabara hawatawaambia. Mkipeleka sabuni yenu nzito kama ilivyo katika kipimo cha 439, kuna uwezekano mkubwa itaanguka, na kuanguka huko hakutamaanisha kwamba inadhuru mtu anayeoga nayo. Mwongozo huo ulitungwa kuuliza kama kemikali yenyewe, bila kuzimuliwa, ina uwezo wa kuwasha. Haukutungwa kuuliza nini hutokea povu linapokaa mwilini kwa dakika moja kisha likamwagiwa maji. Tena angalieni kile kiwashi cha kulinganishia: sodiamu lauri salfeti ina mkia wa kaboni 12. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, nayo ina mkia wa kaboni 12 vilevile, na urefu huo ndio unaopenya na kuchokoza ngozi kuliko mikia mifupi zaidi au mirefu zaidi. Kwa maneno mengine, sabuni ya nazi tupu ni kali kwa asili yake, hata ikiwa kostiki yote imekwisha kuungana. Inatoa povu zuri hata katika maji ya chumvi, lakini huacha ngozi imekauka. Mngeniuliza kabla ya mnunuzi, ningewaambia mpunguze nazi, mchanganye na mafuta ya mawese au alizeti, na mwache mafuta mengi zaidi bila kuunganishwa, hata asilimia 15 au 20 ikiwa nazi ndiyo itakayobaki peke yake. Badiliko hilo litaipoza sabuni yenu kuliko cheti chochote.

Kwa kulinganisha mapishi, maabara zina njia nafuu zaidi kuliko ngozi ya kuotesha. Mojawapo ni kipimo cha zeini, ambayo ni protini ya mahindi isiyoyeyuka katika maji matupu. Sabuni ikiwa kali huiyeyusha kwa wingi, ikiwa laini huiyeyusha kidogo, na kiasi kilichoyeyuka hufuatana vizuri na jinsi sabuni hiyo inavyoshambulia protini za ngozi. Njia nyingine ni kutumia tishu zile zile za binadamu lakini kwa sabuni iliyozimuliwa, kwa muda wa hatua hatua, ili ijulikane ni baada ya dakika au saa ngapi nusu ya seli zimekufa. Pishi linalochukua muda mrefu zaidi ndilo laini zaidi. Na ikiwa mtapeleka sabuni yenye mwani au manjano, waambieni maabara mapema. Rangi hubaki katika tishu na kuchanganyika na zambarau ya MTT, na mafuta kama ya karafuu, ambayo yana nguvu ya kuzuia uoksidishaji, huweza kuigeuza MTT yenyewe hata pasipo seli hai. Maabara inayojua kazi itaweka tishu zilizokufa kando ili ipime udanganyifu huo na kuutoa katika hesabu.

Kuhusu jicho nitakuwa mfupi. Sabuni huchoma jicho, kila mtoto anajua, na mtathmini, yaani mtaalamu anayetia saini ripoti ya usalama wa bidhaa, hatadai kipimo chake; atadai onyo kwenye karatasi. Lakini kwa bidhaa nyingine mtakazotengeneza baadaye, jueni kwamba sungura hapo pia ana warithi. Konea, yaani vioo vya mbele vya macho, za ng'ombe waliochinjwa kwa kitoweo huchukuliwa machinjioni, hutiwa kemikali kwa dakika 10, na hupimwa ni kiasi gani zimepata ukungu na zimeanza kuvuja. Mayai ya kuku yaliyoatamishwa siku 9 hufunguliwa ganda na kuangaliwa kwa dakika 5 kama mishipa ya utando wake inavuja au inaganda. Na tangu mwaka 2015 OECD inakubali konea ya binadamu iliyooteshwa kwa seli, katika Mwongozo namba 492.

Karafuu ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu tatizo lake si mwasho, ni mzio. Mwasho humpata yeyote kitu kikizidi, nao hupoa kikiondolewa. Mzio humpata mmoja kati ya wengi, lakini ukishamwingia hukaa naye maisha, na mara ya pili huhitaji kiasi kidogo sana kuamka. Mafuta ya karafuu, yawe ya chipukizi au ya makonyo yanayokamuliwa Wawi kule Pemba, kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na yujenoli inajulikana kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Zamani jambo hili lilipimwa kwa nguruwe wa Guinea na panya. Leo hupimwa kwa kufuata hatua za mzio wenyewe: kwanza kemikali huchanganywa na vipande vya protini katika chupa kwa saa 24 kuona kama inang'ang'ania, pili hutiwa kwenye seli za ngozi zilizowekewa jeni ya kung'aa pale zinaposhtuka, tatu hutiwa kwenye seli za damu kuona kama zinatoa alama za kuamsha kinga. Majibu mawili yakiafikiana kati ya matatu, uamuzi hufanyika, na mwaka 2021 OECD iliuidhinisha utaratibu huo katika Mwongozo namba 497. Lakini ninyi hamhitaji kulipia hata kimoja kati ya hivyo, maana yujenoli imekwisha chunguzwa vya kutosha, na ukweli lazima usemwe kwamba sehemu ya ujuzi huo ilitoka kwa wanyama wa miaka ya nyuma. Kuutumia ujuzi uliokwisha kupatikana ndiyo njia ya kutomwongeza mnyama mwingine.

Mnachohitaji ni hesabu. Sheria ya Ulaya inataka yujenoli itajwe kwa jina katika orodha ya viambato ikiwa imezidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuoshwa, na 0.001 katika ile inayopakwa ikabaki. Mkitia mafuta ya karafuu asilimia 1, yenye yujenoli asilimia 80, sabuni itakuwa na yujenoli asilimia 0.8, yaani mara 80 ya kiwango cha kutaja. Itajeni, na mpunguze. Harufu ya karafuu ni kali, hata robo ya kiasi hicho itasikika.

Kubandika sabuni kwa watu waliojitolea kuna nafasi yake, lakini ni mwishoni, kwa ajili ya kuthibitisha kile ambacho hesabu imekwisha kuonyesha. Bidhaa ya kuoshwa huzimuliwa kwanza, huwekwa mgongoni chini ya bandiko dogo, na daktari wa ngozi huisoma baada ya siku moja au mbili. Hufanywa kwa ridhaa ya maandishi na kibali cha kamati ya maadili. Kuwagawia majirani na watoto wao pishi jipya ili mwone kama litawaletea vipele si kipimo, ni kuwafanya wao kuwa sungura, na nawasihi msilifanye.

Mwanzo wenu, basi, ni makaratasi. Sheria inataka kila kipodozi kiwe na ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtathmini aliyesomea famasia, sumu, udaktari au fani iliyo karibu nazo. Mtathmini huyo atawaomba pishi kamili kwa asilimia, hati za usalama za kostiki na mafuta kutoka kwa waliowauzia, uchanganuzi wa mafuta ya karafuu unaoonyesha kiasi cha yujenoli, pamoja na daftari lenu la pH. Mwani atauangalia kwa jicho la pekee, kwa sababu mimea ya bahari hukusanya aseniki na madini mazito kutoka majini, hivyo jiandaeni kupeleka sampuli ya unga wake ipimwe madini hayo na vimelea. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha maabara kinachostahili fedha zenu.

Msiharakishe pia kuandika kwenye karatasi ya sabuni kwamba haikujaribiwa kwa wanyama. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinaruhusu maneno hayo pale tu ambapo mtengenezaji na wote waliomuuzia hawajafanya wala kuagiza jaribio la mnyama kwa bidhaa hiyo, mfano wake au kiambato chake, na hakuna kiambato kilichojaribiwa na wengine kwa ajili ya kubuni vipodozi vipya. Pateni kwanza barua ya kila muuzaji. Na kabla ya kulipia chochote, mwandikieni mnunuzi mumuulize kama yeye ndiye atakayekuwa mwajibikaji wa bidhaa hii Ulaya, kwani kwa sheria ile mwagizaji ndiye anayebeba jukumu hilo asipomteua mwingine kwa maandishi, na ripoti ya usalama anayowadai ninyi huenda ni juu yake kuiandaa.